Big Pit, Wales: naweza kumteremsha mzee wa miaka 74 mgodini?

Mama Zuhura, Bristol

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa mtu aliyefika mwenyewe, maana vipeperushi nimeshavisoma na vyote vinasifia tu.

Baba mkwe wangu yuko kwetu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ni mstaafu wa reli, fundi wa karakana maisha yake yote. Tumemzungusha kwenye makanisa, makasri na maduka hadi amechoka, ingawa kwa adabu zake hasemi. Juzi tunavuka daraja la Severn akauliza, "Hivi hawa wenzetu makaa ya mawe yao walikuwa wakiyatoa wapi?" Mume wangu akadakia kwamba kule Blaenavon kuna mgodi wa zamani, Big Pit, umefanywa makumbusho na watu wanateremshwa mpaka chini. Tangu siku hiyo mzee hana habari nyingine. Asubuhi chai, mgodi. Jioni taarifa ya habari, mgodi.

Wasiwasi wangu ni huu. Mzee ana miaka 74 na goti la kulia linamsumbua. Yusufu wangu ana miaka minane na hakai kimya hata akilala. Na mimi mwenyewe, nisiwafiche, lifti siziwezi: kazini napanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Je, kule chini ni mgodi kweli au ni maigizo ya sanamu na taa? Na je, panatosha kumaliza siku nzima, au ni saa moja halafu tunaanza kutazamana?

Mtoto wa Pwani

Dada, mimi nilikwenda Zollverein, kule Essen, Ujerumani, na nitakwambia ukweli: ukiogopa lifti, migodi ya namna ile ndiyo yako. Pale hakuna kuteremka. Unapanda eskaleta ndefu ya rangi ya chungwa mpaka ndani ya jengo walimokuwa wakisafishia makaa, na humo ndimo lilimo Jumba la Makumbusho la Ruhr. Mnara wa shimo namba 12 ulianza kazi mwaka 1932, mgodi ukafungwa 1986, na mwaka 2001 UNESCO wakapaingiza kwenye urithi wa dunia. Majengo ya matofali mekundu, yamenyooka, safi, picha zinatoka vizuri.

Kuteremka shimoni kwa hiari yako sioni faida yake. Shimo ni shimo tu, na giza ni giza. Mpeleke mzee akaone mitambo juu, mle, mrudi.

Fundi Rashidi, Newport

Mama Zuhura, kwanza shikamoo zangu zimfikie mzee. Mimi natengeneza mabasi hapa Newport, na mgeni wangu yeyote akija humpeleka Big Pit kabla ya London. London wataiona kwenye televisheni.

Ni mgodi kweli. Ulitoa makaa kuanzia mwaka 1880 hadi 1980, na mwaka 1983 ukafunguliwa kwa wageni. Siku za neema zake, miaka ya 1920, walikuwa wakifanya kazi pale watu zaidi ya 1,300. Sheria za usalama wa migodi bado zinafuatwa mpaka leo, na utaligundua hilo kabla hujaona hata kipande cha makaa: mnasimamishwa mnaambiwa mtoe kila chenye betri, kibiriti na laita. Simu, saa ya mkononi, kamera, funguo ya gari yenye rimoti, vyote vinabaki juu. Si ukorofi. Makaa hutoa gesi ya methani, na methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inahitaji cheche moja tu.

Halafu mnavalishwa. Helmeti, tochi ya kichwani, mkanda mzito kiunoni wenye betri ya tochi, na kikopo cha chuma cha kujiokolea. Ukivuta hewa kupitia hicho kikopo, kinaibadilisha kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu, ili upate muda wa kutoka nje ukiwa hai. Vyote kwa pamoja ni kama kilo 5. Kwa goti la mzee, mimi ningewaza huo mkanda kuliko mwendo wenyewe. Mfungie juu kidogo ya nyonga, usiachie ukamning'inia kwenye mapaja.

Sasa lifti yako. Ile siyo lifti ya ofisini, ni keji. Vyuma na wavu, upepo unapanda kutoka chini, maji yanadondoka huku na huku. Inakwenda mita 90. Nakuambia wazi ili usije ukashtukia pale mlangoni na foleni nyuma yako. Lakini kinachowatisha wengi kwenye lifti ni lile sanduku lililofungwa kimya, na keji haina ukimya. Kiongozi wa msafara anaongea toka mlango unafungwa mpaka unafunguliwa. Anatania, anauliza nani ana deni benki, anasema kamba ilibadilishwa juzi. Mwambie mapema kwamba unaogopa. Atakuweka karibu naye, na wakati unajiandaa kupiga kelele mtakuwa mmeshafika.

Na hapo ndipo nataka usikilize vizuri. Ukiniuliza Big Pit kuna nini, jibu langu si mitambo. Ni hao viongozi. Ni wachimbaji wa zamani. Wamefanya kazi kwenye migodi ya Wales Kusini kabla haijafungwa mmoja baada ya mwingine. Safari moja niliangukia kwa mzee mfupi, kifua kipana, aliyetufundisha jinsi ya kusikiliza dari: unagonga kwa fimbo, ikijibu kwa mlio mkavu unaendelea, ikijibu kwa mlio wa ngoma unatoka. Alipokuwa akielekeza nikaona mgongo wa mkono wake una mistari ya buluu, kama mtu aliyechorwa kwa kalamu ya wino. Nikamuuliza. Akasema ukikatika mgodini vumbi la makaa linaingia kwenye kidonda, kidonda kinapona, vumbi linabaki. Alinionyesha kovu moja moja na mgodi wake: hili la pale, hili la kule. Jumba gani jingine la makumbusho lina maelezo yaliyoandikwa kwenye ngozi ya anayekuelezea?

Hawa watu hawatengenezwi tena. Mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi Uingereza nzima, Kellingley kule Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015. Baada ya hapo karibu hakuna kijana anayejifunza kusikiliza dari. Siku itafika msafara utaongozwa na kijana aliyekariri, na atakuwa mzuri tu, lakini mistari ya buluu hatakuwa nayo. Ndiyo maana nasema mteremshe mzee sasa. Fundi kwa fundi, wataelewana hata Kiingereza kikikwama.

Chini mtatembea kama dakika 50. Sakafu ina mawe na maji, mahali pengine dari ni ya chini mpaka mtu mrefu anatembea amejikunja, na helmeti inagonga mara nyingi tu. Mzee aende nyuma ya kiongozi, asikae mkiani, maana wa mkiani hukimbizwa. Viongozi wenyewe wanaangalia mwendo wa mtu mzima, nimewaona wakipunguza kasi bila kutangaza.

Kuhusu Yusufu, usiwe na hofu. Sharti lao mtoto awe amefikia urefu wa mita 1, na wa miaka minane atakuwa amepita zamani. Kuna mahali mtafika kwenye mlango wa mbao. Milango hiyo ndiyo iliyoongoza hewa: ikifungwa, hewa safi inazunguka kule inakotakiwa; ikiachwa wazi, gesi inajikusanya. Na waliokuwa wakiifungua na kuifunga toroli likipita walikuwa watoto, wengine wadogo kuliko Yusufu, wamekaa gizani peke yao zamu nzima na kamba mkononi. Sheria ya mwaka 1842 ndiyo iliyokataza wanawake wote, na wavulana chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Hesabu mwenyewe: hata baada ya sheria, Yusufu angebakiza miaka miwili tu ya kucheza.

Hapo kiongozi anawaambia mzime tochi zote. Sitakusimulia zaidi. Mshike mkono tu, na usishangae akinyamaza.

Mbele kuna mabanda ya farasi, yamechongwa chini huko huko, na majina ya farasi yako juu ya kila banda. Farasi walifanya kazi katika mgodi huu mpaka mwaka 1972. Shangazi yangu, mama asiyejali mnyama yeyote isipokuwa wa kuliwa, aligoma kuondoka pale. Akawa anasoma jina moja moja kwa sauti na kuuliza huyu alikula nini, huyu alizeeka wapi. Msafara mzima ukamsubiri.

Mkipanda juu, watu wengi hukimbilia kantini. Nyinyi pandeni kwanza kwenye mabafu. Yalijengwa mwaka 1939, na kwangu mimi ndiyo nusu ya pili ya habari. Upande mmoja makabati ya nguo za mgodini, upande mwingine makabati ya nguo za nyumbani, katikati manyunyu ya maji moto. Mtu anaingia mweusi anatoka na suti. Ndani ya makabati wameweka vitu na habari za wachimbaji wenyewe. Kabla ya mabafu hayo mwanamume alirudi nyumbani na masizi yake, na mkewe ndiye aliyechota maji, akayachemsha, akayamimina kwenye karai la bati mbele ya moto. Nyumba yenye baba na wana watatu kwenye zamu tofauti, mama huyo halali. Wanaume wengine walikataa kabisa kuoshwa mgongo, waliamini ukiosha mgongo unaudhoofisha. Mke wangu alipoyasoma hayo aliniangalia kwa muda mrefu.

Mtoto wa Pwani, ndugu yangu, Zollverein ni pazuri, sikubishii. Lakini "shimo ni shimo tu" nakataa, tena wewe mwenye jina la Pwani. Meli za mvuke zilizokuwa zikipita bahari yetu zilikula makaa ya Wales. Jeshi la maji la Waingereza liliyapenda kwa sababu yanaunguza kwa moto mkali na moshi kidogo, na walikuwa na ghala zake mpaka Aden. Nani alikuwa chini kwenye tanuri za meli hizo na sepetu mkononi? Wasomali na Wayemeni wengi, na wajukuu wao wako Butetown, Cardiff, mpaka leo. Kwa hiyo Mwelshi aliyachimba huku na Msomali akayatia motoni kule, na hawakuwahi kuonana.

Muuguzi Tatu

Rashidi amemaliza karibu yote, mimi naongeza la mapafu, maana nimeuguza wazee wa huko mabondeni.

Ukimsikia kiongozi anakohoa katikati ya maelezo, usidhani ni baridi. Vumbi la makaa likikaa kwenye mapafu halitoki, linatengeneza makovu, na mtu anaishiwa pumzi kidogo kidogo kwa miaka hata kama aliacha kazi zamani. Tatizo lilikuwa kubwa Wales Kusini kiasi kwamba mwaka 1945 waliweka kituo cha utafiti wa ugonjwa huo hospitali ya Llandough, karibu na Cardiff. Nimewahi kumgeuza mzee kitandani, akaniomba msamaha kwa kuhema kwa sauti. Alikuwa ameingia mgodini akiwa na miaka 14.

Watu huuliza habari za milipuko tu kwa sababu inasimulika. Kweli ilikuwepo, tena mibaya: Senghenydd, tarehe 14 Oktoba 1913, walikufa wachimbaji 439 asubuhi moja, na mmoja wa waokoaji pia. Lakini waliokufa polepole wakiwa vitandani mwao hawana siku ya kukumbukwa, kwa hiyo muulize kiongozi. Wanapenda kuulizwa.

Onyo moja: ukimuuliza kuhusu mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985, hakikisha huna basi la kuwahi.

Mama Zuhura, Bristol

Jamani, ahsanteni. Nimemsomea mzee jibu la Kaka Rashidi lote. Alipofika pale pa kugonga dari akaniambia, "Soma tena hapo." Akasema hata gurudumu la behewa wao walilipima hivyo hivyo, kwa nyundo na sikio.

Nimebakiwa na mawili matatu. Mzee amenunua kamera hapa hapa na anataka kupiga picha kila kitu, sasa nitamwambiaje kwamba inabaki juu? Pili, kama goti likimgomea kule chini tunafanyaje? Tatu, viatu vyake ni makubazi na viatu vya ngozi vya kuendea msikitini, basi.

Na Dada Tatu, hilo la mzee aliyeomba msamaha limeniuma.

Fundi Rashidi, Newport

Kamera: mwambie ukweli, kwamba ni kwa sababu ya gesi. Mtu wa karakana atakuelewa kuliko kijana yeyote. Tena ana mengi ya kupiga juu: mnara wenye magurudumu ya kamba umesimama pale pale, karakana ya mhunzi ipo, na nyumba ya mashine inayoshusha na kupandisha keji ipo. Ile mashine ndiyo itakayompotezea muda. Muachie.

Goti: wapigieni simu kabla, waelezeeni. Hata mtu wa kiti cha magurudumu huweza kuteremka kama wamejulishwa mapema wakajipanga. Kama mzee ana kifaa cha kusikia au cha moyo, hilo nalo litajwe kwenye simu hiyo hiyo, kwa ajili ya betri. Akishuka na akaona haiwezekani, amwambie kiongozi pale pale karibu na keji. Asijikaze kiume mpaka katikati ya handaki.

Viatu: makubazi hapana kabisa, na vya msikitini ataviharibu. Buti yoyote yenye soli ya kushika. Na mvalishe nguo za joto. Chini kuna ubaridi wa mwaka mzima, lakini wa juu ndio mbaya zaidi, maana Blaenavon iko mlimani na upepo wake hauna adabu.

Kuhusu siku nzima: nendeni mgodini asubuhi, maana mchana misafara hujaa. Halafu kuna reli ya zamani ya Pontypool na Blaenavon, treni za mvuke, ina kituo kidogo hapo hapo Big Pit. Haiendeshwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba yao kwanza na upange siku ya mgodi kwa kufuata treni. Kwa mstaafu wa reli nadhani hapo sina la kuongeza. Muda ukibaki, mjini kuna magofu ya kiwanda cha chuma kilichoanza mwaka 1789. Mimi huwa naishia getini kwa sababu wageni wangu wanakuwa na njaa.

Mnatoka Bristol na gari, kwa hiyo si mbali. Wasio na gari hushuka kwa treni Newport wakapanda basi linalopitia Cwmbran na Pontypool, halafu kutoka Blaenavon mjini ni mlima wa kutembea. Mimi hayo mabasi nayajua kwa upande wa chini yake, na nakuhakikishia yanafika.

Mtoto wa Pwani

Haya, nimesalimu amri kwenye la Aden. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia, sikuwahi kuwaza makaa yalitoka wapi. Lakini kwenye keji siingii.

Mama Zuhura, Bristol

Tumeweka nafasi, siku ambayo treni ipo. Nimepiga simu, mama aliyepokea alikuwa mpole sana, akaandika goti na akaandika hofu yangu pia bila kucheka. Mzee amenunuliwa buti. Sasa anauliza kama kule chini ataruhusiwa kuingia na nyundo yake ndogo.